Chumba cha Binti wa Sultani

Mama mwenzangu, kama umewahi kusafiri na akina mama wa kanisa katika basi moja kutwa nzima, unajua kwamba siri haziwezi kufika mwisho wa safari hiyo. Yangu ilifika. Niliibeba toka Shinyanga hadi Dar es Salaam, karibu kilomita 1,000, nikavuka nayo bahari kwa boti na kushuka nayo Unguja bila mtu kuigusa. Ilikuwa Oktoba 2018. Wenzangu walidhani naumwa kichwa, nami niliwaacha wadhani hivyo. Muuguzi akisema kichwa kinamuuma, watu hawamsumbui, wanajua dawa anazo mwenyewe.

Safari yenyewe tulikuwa tumeichangia kwa muda mrefu. Wapo waliouza dengu, wapo waliokaanga maandazi, na mmoja wetu aliuza mbuzi wake bila kumwambia baba watoto, jambo ambalo lilitatuliwa baadaye kwa taabu kidogo. Wengi tulikuwa hatujawahi kuiona bahari. Tulipoiona, mama mmoja wa Kahama alichota maji kwa kiganja akayaonja, akayatema, akasema, "Kumbe ni kweli."

Sasa nieleze siri yangu, maana bila hiyo habari hii haina maana.

Binti yangu wa kwanza alikuwa na miaka 19, yuko mwaka wa kwanza katika chuo cha ualimu. Mwezi wa kwanza mwaka huo aliondoka chuoni akamfuata kijana mchimbaji mdogo wa dhahabu huko Nyarugusu, mkoani Geita. Kijana ni mzaliwa wa Kigoma, na ni Mwislamu. Binti alinipigia simu Jumamosi moja, niko kanisani napanga maua. "Shikamoo mama," akasema. Nikaitikia marahaba. Akasema ameshaolewa, amebadili dini, na ana mimba ya miezi mitano.

Nilimjibu hivi: "Basi umeshajipatia mama mwingine. Mimi usinitafute." Nikazima simu, nikaendelea na maua.

Kwa watu nilisema amekwenda kumsaidia shangazi yake Musoma. Kanisani ninafundisha darasa la wasichana juu ya uchumba na ndoa, kwa hiyo unaweza kuelewa kwa nini Musoma ilinifaa. Baba yake hakusema lolote. Yeye ni mtu wa kunyamaza. Miezi ikapita, mdogo wake akaja jikoni siku moja akaanza kuniambia kwamba dada amejifungua, nami nikamkatiza kabla hajamaliza sentensi. Nilimtuma dukani akanunue chumvi, na chumvi ilikuwepo.

Hivyo ndivyo nilivyofika Unguja.

Asubuhi tulikwenda Mkunazini, kwenye kanisa kuu la Kianglikana lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Sitaeleza mengi juu ya mahali pale. Tulilia, tukaomba, tukatoka nje kimya. Soko lile lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba uliotiwa sahihi na Sultani Barghash bin Said. Ninaomba ulishike jina hilo, maana Barghash huyo tutakutana naye tena.

Mchana tulipelekwa kwenye kasri la masultani, lile jengo kubwa jeupe linalotazama bahari katika barabara ya Mizingani, si mbali na Forodhani. Zamani liliitwa Beit al-Sahel, maana yake nyumba ya pwani. Jengo la kwanza lilibomolewa na mizinga ya manowari za Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, katika vita ambayo haikumaliza hata saa moja. Lililopo sasa lilijengwa upya baada ya hapo. Masultani waliishi humo mpaka Mapinduzi ya Januari 1964, kisha likawa mali ya wananchi na ofisi za serikali, na mwaka 1994 likafanywa makumbusho. Jirani yake ni Beit al-Ajaib, ambalo siku ile lilikuwa limefungwa kwa sababu ya uchakavu. Tulilitazama kwa nje tukasikitika kulikosa. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka ikaua watu wawili.

Sisi Wasukuma na ndugu zetu Wanyamwezi tunalo neno letu la nyumba ya mtawala, ikulu, nalo ndilo taifa zima linalitumia leo kwa nyumba ya Rais. Bibi yangu alikuwa akitusimulia ikulu ya mtemi alivyoiona akiwa msichana: boma la miti, nyumba za msonge, ngoma za kifalme ambazo hazikuguswa ovyo. Kwa hiyo niliingia kasri lile nikiwa na picha ya bibi kichwani. Nilikuta kitu kingine kabisa. Dari ziko juu mno. Viti vya mbao nyeusi vilivyochongwa mpaka unaogopa kuvikalia, saa ndefu za kusimama, na kuta zenye picha kubwa za masultani, wamevaa majoho na kilemba, jambia kiunoni, wanakutazama kila unakokwenda. Madirisha yote yako upande wa bahari, na upepo unaoingia humo, dada yangu, sijawahi kuupata Shinyanga hata mwezi wa sita.

Ghorofa ya juu ndiyo iliyowafurahisha wenzangu. Huko kuna vyumba vya Sultani Khalifa bin Harub, aliyetawala toka 1911 hadi 1960, na vyumba vya wake zake wawili. Vyumba hivyo havifanani. Mke mmoja alipenda mambo ya zamani, mwenzake alipenda fanicha za kisasa za siku zake. Akina mama wakaanza kugawana: mimi ningekuwa yule, wewe ungekuwa huyu. Mama Mchungaji akasema yeye asingetaka chumba chochote kati ya hivyo, kwa sababu kabati la kisasa lile halifungi vizuri, na kitanda kile kirefu utahitaji ngazi. Tulicheka mpaka mlinzi akachungulia.

Mimi nilicheka pia. Ndiyo maana sikuwa nimejiandaa tulipofika katika chumba kingine, kidogo, chenye picha za mwanamke mmoja tu.

Kijana aliyetuongoza alikuwa mpole, anasema taratibu kwa Kiswahili chao kile kinachopendeza masikio. "Karibuni mama zangu," akasema. "Huyu ni Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan."

Nitakusimulia kama alivyotusimulia, na mengine niliyosoma mwenyewe baadaye.

Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika kasri la Mtoni, kaskazini ya mji, ambalo siku hizi limebaki magofu. Baba yake ndiye aliyehamishia makao yake Unguja kutoka Oman. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria, Mcherkezi aliyetekwa utotoni katika nchi ya milima iliyo mbali sana na hapa. Salme alikulia kwenye ua wenye tausi na paa na mbuni wakitembea ovyo, watoto wa baba mmoja ni wengi hata kuwahesabu ni kazi. Wasichana walifundishwa kusoma lakini si kuandika. Yeye alijifundisha kuandika kwa siri, akiiga herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia, ambao ndio uliokuwa ubao wao. Baba yake alifariki mwaka 1856, mama yake akafa katika kipindupindu cha mwaka 1859. Mwaka huohuo kaka yake Barghash alijaribu kumpindua kaka mwingine, Majid, aliyekuwa Sultani, na Salme, binti wa miaka 15, ndiye aliyeandika barua za waasi kwa kuwa alijua kalamu. Jaribio lilishindwa. Baadaye Salme alipatana na Majid, na Barghash hakulisahau hilo.

Kisha akahamia nyumba ya mjini, jirani na Mjerumani mmoja mfanyabiashara, Heinrich Ruete. Nyumba za Mji Mkongwe zimekaribiana mno, mtu wa dari hii anaongea na wa dari ile. Mwaka 1866 Salme alikuwa na mimba. Mwezi Agosti alitoroka usiku kwa meli ya kivita ya Waingereza mpaka Aden. Huko alijifungua mtoto wa kiume ambaye hakuishi. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa akaitwa Emily, akafunga ndoa siku hiyohiyo, na safari ya Ujerumani ikaanza.

Aliposema "alibatizwa", akina mama walipiga vigelegele.

Sikuwalaumu, na siwalaumu leo. Mtu akimpokea Yesu tunashangilia, ndivyo tulivyolelewa. Mama wa Kahama alisema kwa sauti, "Bwana asifiwe, katoka kasri la sultani akaja kwetu!" Wote wakaitikia. Yule kijana alitabasamu kwa adabu akatazama chini. Yeye ni Mwislamu, na pale alikuwa kama mtu anayesikia wageni wakishangilia msiba uliotokea nyumbani kwake.

Nilijua sura ile. Nilikuwa nikiiona kwenye kioo tangu mwezi wa kwanza.

Maana nilijiuliza, na swali lilinijia kwa ukali kama maumivu ya tumbo: vipi kama sasa hivi huko Nyarugusu kuna akina mama wanampigia vigelegele binti yangu? Bila shaka walimpigia. Walimvika ushungi, wakampikia pilau, wakasema katoka kanisani akaja kwetu. Na mimi ndiye niliyekaa katika kasri na milango imefungwa.

Kijana akaendelea. Salme alizaa watoto watatu huko Hamburg. Mwaka 1870 mume wake aligongwa na tramu akafa, akamwacha mjane wa miaka 25 katika nchi ya baridi, mdogo wa mwisho akiwa bado kichanga. Alifundisha Kiarabu ili kulisha watoto. Mwaka 1885 alirudi Unguja akiwa na watoto wake, kwa meli za Wajerumani ambao nao walikuwa na hesabu zao za kisiasa juu yake. Sultani wakati huo alikuwa Barghash, yule aliyemwandikia barua za uasi akiwa msichana. Barghash alikataa kumwona. Salme ameandika kwamba watu wa mjini walimfuata barabarani wakimsalimu. Ndugu yake hakutokeza. Alirudi tena mwaka 1888, Barghash amekwishafariki, na safari hiyo nayo haikumfungulia mlango.

"Na Ukristo wake je?" Mama Mchungaji aliuliza. "Alidumu?"

Kijana alisita, kisha akajibu kwamba katika kitabu chake, kilichochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, Salme anakiri kwamba aliondoka hapa akiwa Mwislamu mwema, na Ukristo wake wa baadaye hausifii. Alibatizwa kabla ya kufundishwa. Hapo vigelegele viliisha. Alifariki huko Jena tarehe 29 Februari 1924, akazikwa Hamburg. Katika vitu alivyoviacha walikuta mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Unguja.

Sitaki kumpamba kupita kiasi. Salme alikuwa na watumwa, na katika kitabu chake anautetea utumwa kwa maneno ambayo mtu aliyetoka Mkunazini asubuhi hawezi kuyameza. Pembe za ndovu zilizoijenga pwani ile zilipita mabegani mwa watu wa bara, wakiwemo babu zetu. Alikuwa mwanamke wa ukoo wake na wa zama zake. Lakini mchanga ule ulinishinda. Niliwaambia wenzangu nataka hewa, nikatoka.

Pembeni ya kasri kuna bustani ya makaburi, kuna miti na kivuli na kimya kizuri. Sayyid Said amelala hapo. Majid amelala hapo. Barghash amelala hapo. Kaburi la baba lilianza kujengewa kuta za kuwekewa kuba, halafu kazi ikaachwa, kwa sababu wenye kuishika dini kwa ukali waliona kaburi halistahili mapambo kiasi hicho. Kwa hiyo baba yupo na wanawe wawili waliogombana wapo, wamelala karibu kuliko walivyowahi kukaa wakiwa hai. Mmoja ndiye hayupo. Nilikaa kwenye ukingo wa ukuta nikalia kilio kile cha mfiwa.

Mwenyekiti wetu alinifuata. Ni mama wa miaka sitini na kitu, hakusoma sana, amezika watoto wawili. Alikaa karibu nami akavua viatu. Nikamweleza yote: Nyarugusu, Kigoma, simu, Musoma ya uongo. Nilingoja anihubirie, au aniambie tuombe. Aliuliza jambo moja tu.

"Mjukuu ana miezi mingapi?"

Sikujua.

"Mvulana au msichana?"

Sikujua. Mimi ni muuguzi. Nimepokea watoto kwa mikono hii zaidi ya miaka 20. Jumatatu hadi Ijumaa ninapima uzito watoto wa watu, ninawajua kwa majina, ninawagombeza mama zao wakichelewa chanjo. Mwenyekiti hakuongeza neno. Alivaa viatu vyake tukaenda Darajani kununua khanga, kwa kuwa wenzetu walikuwa wameshatangulia. Nilinunua doti moja. Msemo wake sitauandika hapa, haukuwa wa maana sana, nilipenda rangi.

Usidhani nilirudi nyumbani nikaenda Nyarugusu kesho yake. La hasha. Khanga ilikaa kabatini wiki saba. Nilikuwa bado na hasira, na hasira yangu ilikuwa na sababu: ada ya chuo tuliyolipa kwa kuuza ng'ombe, na imani niliyomfundisha binti huyo tangu akiwa kifuani. Nisiseme uongo kwenye gazeti: mpaka leo sijafurahia aliyoyafanya, na ninaliombea jambo hilo kila siku. Lakini kitu kingine kilianza kuninyima usingizi, nacho ni cha kiuuguzi. Huko machimboni watu hukamata dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma kwenye moto ili zebaki itoke, wakati mwingine jikoni kwenyewe, palepale ugali unapopikwa. Mvuke ule hauonekani. Unaingia kwa pumzi, na kwa mama mjamzito unapita kondo la nyuma ukamfikia mtoto ambaye ubongo wake bado unajengwa. Nimefundisha hayo kwenye semina. Binti yangu mwenyewe sikumwambia, kwa kuwa nilikuwa nimezima simu.

Desemba nilimwambia baba watoto kwamba ninakwenda Geita. Hakunijibu. Asubuhi nilipoamka kabla ya jua, nilikuta mlangoni jogoo na kuku jike wamefungwa miguu, wamewekwa kwenye tenga, na yeye amesimama uani anajifanya anatafuta jembe.

"Mzazi hali jogoo," nilimwambia.

"Jogoo ni wa mkwe," akasema, akaingia ndani.

Nilipanda basi hadi Mwanza, nikavuka Kigongo kwenda Busisi kwa kivuko, maana daraja lile refu lilifunguliwa baadaye, Juni 2025. Majini nilikumbuka boti ya Unguja. Toka Geita nilipanda bodaboda, tenga mbele, mimi nyuma, vumbi jekundu mpaka kwenye meno. Nyarugusu ni mji wa haraka: mabati mapya, redio kila kona, makarasha yanasaga mawe toka asubuhi, vijana wenye tope jeupe miguuni wametoka kwenye maduara. Niliuliza mara tatu kabla ya kuonyeshwa nyumba.

Kijana wa Kigoma ndiye aliyenifungulia. Nilikuwa nimemtengenezea sura kichwani, na hakuwa nayo. Ni mwembamba, ana haya. Alipiga magoti kunisalimu, akapokea tenga, akanitandikia mkeka, akaleta maji ya kunawa kwa mikono miwili. Kisha akatoka nje akatuacha.

Binti alisimama kwenye mlango wa chumba cha ndani na mtoto mgongoni. Alikuwa amejifunga ushungi. Hakusema shikamoo. Nadhani alikuwa anangoja kujua kama nimekuja kumpiga.

Mimi nami maneno yalinikauka. Tangu Shinyanga nilikuwa nimeyapanga, yapo ya kuomba radhi na yapo ya kukemea, na yote yalipotea. Nikauliza kile ambacho huuliza kila siku ya kazi.

"Kadi ya kliniki iko wapi?"

Akaenda kuileta. Nikavaa miwani. Ilikuwa msichana. Amezaliwa tarehe 11 Juni 2018, kilo tatu na gramu mia mbili, kwa njia ya kawaida, zahanati. Kwenye nafasi ya jina la mama niliona jina jipya la binti yangu, nikalisoma polepole, herufi moja moja, kama mtu anayejifunza kusoma. Amenikataza kuliandika hapa, naye ameisoma habari hii kabla sijaituma. Mstari wa uzito ulikuwa unapanda vizuri. Chanjo zote zilikuwa zimepigwa kwa tarehe zake, isipokuwa matone ya vitamini A ya miezi sita, yalikuwa yamechelewa siku chache.

"Na zebaki mnachomea wapi?" nikauliza.

"Si hapa, mama," akasema. "Nilimkataza. Niliwahi kukusikia ukifundisha."

Akamfungua mtoto mgongoni, akanipa.